Barua ya wazi: Mwacheni mnunuzi wa king'amuzi ajue kabla hajalipa

Kwa watengenezaji wa ving'amuzi vya setilaiti, mawakala na wauzaji wao walioidhinishwa, na mamlaka za mawasiliano, viwango na forodha.

YAH: VING'AMUZI VINAVYOINGIA SOKONI BILA KUPITIA KWA WAKALA RASMI

Waheshimiwa,

Matangazo yenu kuhusu ving'amuzi "visivyo rasmi" yanafanana yote: nunua kwa wakala, ukinunua kwingine usije kulalamika. Tangazo likishapita, mteja anabaki na sisi tunaofunga madishi na kufungua vifaa vilivyozimika. Onyo lenu halimsaidii. Halimwambii kifaa alichoshika kina tatizo gani wala atakipimaje, na taarifa ambayo ingemwokoa mnayo nyinyi peke yenu. Tunachoomba ni kwamba mnunuzi aweze kujua anachonunua kabla hajatoa pesa, na asiadhibiwe baadaye kwa sababu ya kifaa halisi mlichokitengeneza kwa mikono yenu.

Tuanze na neno lenyewe, "kisicho rasmi", maana limefunika vitu vinne ambavyo tiba zake ni tofauti.

Kuna kifaa halisi, kimetoka kiwandani kwenu, ushuru umelipwa, ila kilipangiwa soko la nchi nyingine. Mfanyabiashara amekinunua huko kwa jumla na kukiuza kwingine bila kumpitia wakala wenu. Huo ndio mzigo wa njia ya pembeni. Kuna magendo: kifaa chaweza kuwa halisi, lakini kimekwepa ushuru, na hilo ni deni la aliyekiingiza. Kuna bandia, kilichoigwa kuanzia nembo hadi programu ya ndani. Halafu kuna kifaa cha kuibia matangazo, ambacho huenda ni kizima kabisa, ila kinauzwa pamoja na "seva ya mwaka mmoja".

Hicho cha mwisho kinastahili maelezo, kwa sababu wauzaji wengi hukiita "modeli ya nje" na mnunuzi akaamini. Chaneli ya kulipia hufungwa kwa ufunguo mfupi unaobadilika kila baada ya sekunde chache, mara nyingi kama sekunde 10. Kadi moja halali hufungua funguo hizo, kisha mtu anazisambaza kwa intaneti kwenda kwenye ving'amuzi visivyo na kadi. Dalili zake ni rahisi kuziona. Picha inaganda kila intaneti inapoyumba ingawa mawimbi ya dishi ni imara, menyu ina sehemu ya kuandika anwani ya seva na nywila, na anayeuza anakuhesabia muda wa seva badala ya waranti ya kifaa. Siku seva ikifungwa, chaneli zote za kulipia zinapotea kwa mpigo na hakuna fundi wa kuzirudisha. Hili lipigeni marufuku, hatuna ubishi. Lakini mnapoliweka kundi moja na risiva halisi ya chaneli za bure iliyotoka kiwandani kwenu, mnampa mwizi kivuli cha kujificha, na mtu aliyenunua kihalali mnamfanya aogope hata kuuliza swali.

Bandia nazo si hadithi ya jana. Risiva za Dreambox za kampuni ya Ujerumani, zinazotumia Linux, ziliigwa kwa wingi sana, hasa DM500 na baadaye DM800. Hiyo ya pili iliwekewa kadi ndogo ya usalama ndani, na walioiga wakaiga na kadi. Programu mpya zilipoanza kukagua uhalisi, nakala nyingi ziligoma kuwaka. Aliyeumia pale ni mnunuzi, ambaye kwa kutazama boksi na nembo hakuwa na namna ya kutofautisha. Mwigaji alikuwa ameshalipwa zamani.

Sasa tuwape haki yenu. Mzigo wa pembeni, hata ukiwa halisi, una mitego ya kweli. Tutaitaja kama tunavyoikuta mezani.

Umeme ndio unaoua haraka kuliko vyote. Kifaa kilichojengwa kwa nchi za volti 120 pekee huwa na kapasita kubwa ya kuingizia, yaani kihifadhi chaji, inayovumilia volti 200, kwa sababu volti 120 zikishapita kwenye daiodi hufika takriban 170. Kichomeke kwenye volti 230, na kapasita ileile inapokea karibu volti 325. Hufura au kupasuka, fyuzi hukatika, na mara nyingi transista ya kuswichi inakuwa imekwenda nayo. Kubadilisha fyuzi peke yake hakufai kitu. Mpya itakatika papo hapo. Yote haya yalikuwa yakiepukika kwa kusoma mstari mmoja wa kibandiko cha chini. Ukiandikwa 100–240V~ 50/60Hz, kifaa kitakubali umeme wa nchi karibu zote. Ukiandikwa 120V~ 60Hz basi, kinahitaji transfoma ya kushusha umeme. Vyenye adapta ya nje ya volti 12 ni rahisi zaidi: tafuta adapta yenye volti zilezile, ampea zisizopungua zilizoandikwa, na ncha chanya iwe upande uleule mchoro unaoonyesha, ambao kwa kawaida ni katikati. Adapta ya ampea 1 kwenye kifaa kinachotaka 2 itawasha taa na hata menyu, halafu kifaa kitajizima na kuwaka upya kila kinapoanza kulisha LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Mteja atasema risiva imekufa, kumbe ni adapta.

Mtego wa pili ni LNB, na huu unakula saa nyingi za mafundi wapya. LNB ya kawaida ya bendi ya Ku inayoitwa yunivaso (universal) ina masafa mawili ya ndani, yanayotumika kushusha masafa ya setilaiti: 9,750 na 10,600 MHz. Kifaa huchagua bendi ya juu kwa kutuma toni ya 22 kHz, na huchagua mawimbi ya wima au ya mlalo kwa kubadili volti 13 na 18. Lakini zipo LNB za Ku zenye masafa ya ndani 10,750 pekee, za mawimbi ya mviringo zenye 11,250, na za bendi ya C zenye 5,150. Kifaa cha soko la Amerika ya Kaskazini kinaweza kutoka kiwandani kimewekwa 10,750. Chukua transponda, yaani njia moja ya kurushia ya setilaiti, ya 12,000 MHz. LNB ya 10,750 inaishusha hadi 1,250, lakini kifaa kilichowekwa yunivaso kitakwenda kuitafuta 1,400. Pale 1,400 LNB hiyo inatoa kilichokuwa 12,150. Kwa hiyo utaona mita inapanda kwa transponda nyingine kabisa, au haipandi, na dishi litalaumiwa bure. Kama menyu inaruhusu kuandika masafa ya LNB kwa mkono, tatizo linaisha kwa dakika moja. Kama imefungwa, kifaa hicho kinafaa kwa soko lake tu, na hakuna kibandiko chochote kwenye boksi kinachosema hivyo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kufuli la mtandao, yaani kifaa kufungwa kwa kampuni moja ya matangazo. Ving'amuzi vingi vya kampuni za malipo, vikiwaka, vinatafuta kwanza transponda moja ya nyumbani, vinasoma humo orodha ya mtandao, kisha vinajenga chaneli kutokana na orodha hiyo. Vikikosa transponda ile vinabaki na ujumbe wa "hakuna mawimbi" hata dishi likiwa limekaa sawasawa kwenye setilaiti nyingine nzuri. Utafutaji wa mkono ama haupo ama unaruhusu chaneli chache zisizohifadhika. Anayekinunua akidhani ni risiva ya kawaida amenunua boksi tupu.

Kisha kuna kuoana kwa kadi na kifaa. Katika mifumo mingi ya siku hizi kadi haifanyi kazi kwenye king'amuzi chochote. Inaunganishwa na namba ya chipu ya kifaa kimoja. King'amuzi kilichotumika, kikasafishwa na kuuzwa kama kipya, chaweza kuwa bado kimo kwenye akaunti ya mtu wa nchi nyingine. Kadi mpya itakataliwa, na kituo cha wateja kitasema hakiwezi kukigusa kwa sababu hakimo kwenye hesabu za soko lao. Kifaa ni kizima, picha haipo. Kukitambua kilichotumika, usitazame boksi. Tazama nyuzi za tundu la kebo ya dishi: kifaa ambacho hakijawahi kufungwa kebo hakina mikwaruzo ya nati kwenye nyuzi zile, wala mashavu ya tundu la HDMI hayajachubuka. Boksi linaweza kufungwa upya kwa nailoni; nyuzi hazirudi.

Mambo ya picha yanachanganya zaidi kwa sababu maneno ya kwenye boksi yanafanana. DVB-S2, kiwango kipya cha kurusha matangazo ya setilaiti kilichofuata DVB-S, ilitoka mwaka 2005, na bado zipo sokoni risiva za DVB-S pekee ambazo hazitashika transponda za kiwango hicho hata dishi liwe kubwa vipi. Halafu kuna namna za kubana video. Risiva inayofungua MPEG-2 ya zamani tu itatoa sauti na kioo cheusi, au hata jina la chaneli bila chochote, pale chaneli inapotumia H.264. Na H.265, kiwango kilichopitishwa mwaka 2013, nacho kina ngazi zake: matangazo ya 4K hutumia biti 10, na kifaa kinachofungua H.265 ya biti 8 au ya mistari 1080 kitaganda. Stika yenye neno "H.265" peke yake haijasema kitu. Transponda za mitiririko mingi, zinazobeba mafungu kadhaa ya chaneli kwa pamoja, ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu ubora wa mawimbi unaonekana mzuri lakini chaneli haziingii. Tyuna, yaani sehemu ya kifaa inayonasa mawimbi, isipokuwa na uwezo huo kwenye chipu, programu haiuongezi.

Ving'amuzi vyenye pia tundu la antena ya kawaida vina mtego wao: DVB-T2, ISDB-T na ATSC, viwango vya matangazo ya ardhini vya nchi tofauti, hazisikilizani. Na Wi-Fi ya kifaa kilichowekwa kwa soko la Marekani haioni chaneli 12 na 13 za ruta. Hilo dogo, hamisha ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11.

La mwisho katika mitego hii ni programu ya ndani, ambayo mafundi wengi huiita softwea. Toleo jipya likirushwa kwa setilaiti hubeba namba ya mtengenezaji na toleo la bodi, na kifaa hulipokea kama namba zinaoana. Kwenye mzigo wa pembeni hatari ni ile ya kupakua faili kwa mkono kutoka mahali popote, kwa jina la modeli tu. Modeli moja inaweza kuwa na bodi mbili zinazofanana kwa macho, moja ina tyuna ya aina hii na nyingine aina ile. Faili ya bodi nyingine ikiingia, kifaa kinawaka vizuri, menyu inafunguka, tyuna imepotea. Ikiwa mbaya zaidi kinabaki na taa nyekundu. Vingine hufufuliwa kwa fleshi ya USB, vingine kwa kebo ya RS-232 kutoka kwenye kompyuta. Vingine havifufuki bila kuondoa chipu. Tofauti ya bodi hizo mbili mnaijua nyinyi, na imeandikwa kwenye hesabu zenu kwa kila namba ya utambulisho. Fundi anaigundua baada ya kuua kifaa cha kwanza.

Kwa hiyo mna haki ya kuonya. Lakini hakuna hata mtego mmoja kati ya hiyo unaotokana na tabia mbaya ya mnunuzi. Yote inatokana na taarifa isiyoandikwa, na ambayo mwenye kuiandika ni nyinyi.

Tuje kwa wakala rasmi. Watu hawaendi pembeni kwa sababu ya bei tu. Wanakwenda kwa sababu wakala analeta modeli moja iliyofungwa kwenye kifurushi, ilhali kiwanda kilekile kinatengeneza risiva ya wazi yenye tyuna mbili. Wanakwenda kwa sababu rimoti ikivunjika wakala anauza king'amuzi kizima badala ya rimoti, na adapta ya asili haipatikani hata kwa kuagiza. Wanakwenda kwa sababu waranti ikiitwa waranti, kifaa kinatumwa mbali na mteja anakaa bila televisheni wiki kadhaa bila kupewa cha muda. Faida ya kununua rasmi ingepaswa kuonekana siku kifaa kinapoharibika. Kwa wakala wengi siku hiyo ndiyo wanayoonekana kuikimbia.

Na yapo mengine ambayo mnayaacha yapite. Risiti inatolewa bila namba ya utambulisho wa kifaa, kisha siku ya madai waranti inahesabiwa kuanzia tarehe ya kutengenezwa kiwandani, kana kwamba miezi kifaa kilipokaa ghalani ni ya mteja. Muuzaji ambaye uwakala wake umekwisha bado ana bango lenu mlangoni, na orodha ya tovuti yenu haijaguswa. Baya kuliko yote, kwa maoni yetu, ni kukataa matengenezo ya kulipia. Mtu hadai waranti. Anasema, chukueni pesa, nibadilishieni tyuna. Jibu: kifaa hiki si cha soko letu. Kapasita ya µF 1,000 ya volti 16 haijui ilipangiwa soko gani. Jibu hilo halimlindi mteja wala chapa; linampeleka kwa fundi wa kubahatisha, na kwenye kifaa chenye umeme wa volti mia tatu ndani, kubahatisha ni hatari.

Hapa tunajua mtasema sheria iko upande wenu. Iko kwa sehemu, na inategemea mahali. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki, katika ibara ya 6, umeziachia nchi zenyewe kuamua kama haki ya mwenye chapa inakwisha bidhaa inapouzwa mara ya kwanza popote duniani, au inapouzwa ndani ya nchi au kanda yake tu. Umoja wa Ulaya umechagua kanda: katika shauri la Silhouette la mwaka 1998, lililohusu fremu za miwani, mahakama yake ilisema nchi mwanachama haiwezi kwa chapa za biashara kufuata utaratibu wa dunia nzima. Kwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2017, katika shauri la Lexmark, ilikwenda njia nyingine: ukishauza bidhaa, ndani au nje ya nchi, hataza yako haikupi tena mamlaka juu ya bidhaa ile.

Kwa ving'amuzi hasa, shauri la kusoma ni la Karen Murphy, mwenye baa nchini Uingereza, wakati huo ikiwa bado ndani ya umoja, aliyetumia kadi ya king'amuzi kutoka Ugiriki kuonyesha mpira. Tarehe 4 Oktoba 2011 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba sheria ya nchi inayokataza kuingiza, kuuza na kutumia vifaa halali vya kufungulia matangazo kutoka nchi nyingine ya umoja inapingana na uhuru wa kutoa huduma. Ikasema pia kwamba vifaa hivyo, kwa kuwa vimetengenezwa na kuuzwa kwa idhini ya mtangazaji, haviingii kwenye kundi la vifaa haramu. Haikumpa mwenye baa kila kitu; kuonyesha hadharani nembo, wimbo wa kufungulia na michoro yenye hakimiliki bado kunataka idhini. Tunalitaja kwa sababu mahakama ilifanya kile ambacho matangazo yenu yanakwepa: ilitenganisha kifaa halali kilichovuka mpaka na kifaa cha wizi.

Basi tunaomba nini?

Kwenu watengenezaji: fungueni ukurasa, na njia ya ujumbe mfupi kwa asiye na intaneti, ambapo mtu anaandika namba ya utambulisho na kupata majibu kabla ya kununua. Majibu yaseme modeli, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, soko lililokusudiwa, toleo la bodi, volti, aina za LNB zinazokubalika, kama kimefungwa kwenye mtandao mmoja, kinafungua video za aina gani na biti ngapi, na kama bado kimeunganishwa na akaunti. Hilo la mwisho ni ndiyo au hapana. Jina la mwenye akaunti halihitajiki na lisitolewe. Namba ikiulizwa mara nyingi kupita kiasi kutoka miji tofauti, mtakuwa mmepata alama ya bandia bila kumtuma mkaguzi, kwa sababu waigaji hupenda kurudia namba chache kwenye maelfu ya vifaa. Programu ya ndani iwekeni wazi kwa kila kifaa halisi, ikipangwa kwa toleo la bodi na si kwa jina la modeli, na faili ikatae kuingia kwenye bodi isiyo yake badala ya kuiua. Na kama kifaa ni bandia, programu iseme hivyo kwenye kioo na isimame. Kukizima moja kwa moja kunaharibu ushahidi ambao mnunuzi angeupeleka kwa aliyemuuzia.

Kwenu mawakala: andikeni namba ya utambulisho kwenye risiti, waranti ianze siku ya mauzo, wekeni rimoti na adapta za modeli mnazouza, na pokeeni kifaa halisi chochote cha chapa yenu kwa matengenezo ya kulipia. Waranti ya bure ibaki kwa wateja wenu, hilo ni haki. Zaidi ya yote wekeni dishi linalofanya kazi dukani na mruhusu kifaa kipimwe. Jaribio lenyewe halizidi robo saa. Linganisha namba ya kibandiko cha chini, ya boksi na ile ya ndani ya menyu. Zote tatu ziwe moja. Washa bila kebo ya dishi na pima pini ya katikati ya tundu kwa mita, waya mweusi ukiwa kwenye mwili wa tundu: chaneli ya wima itoe karibu volti 13, ya mlalo karibu 18. Kikitoa 13 pande zote mbili, nusu ya chaneli hazitaonekana kamwe. Zima, unganisha dishi, washa tena, maana kuchomeka kebo kifaa kikiwa na umeme ndiko kunakounguza saketi ya LNB kwa mguso mmoja wa waya wa nje. Tafuta transponda moja ya bendi ya chini na moja ya juu. Ya juu isipoingia, toni ya 22 kHz haitoki. Fungua chaneli ya H.264, kisha ya H.265 kama kifaa kinadai kuifungua. Mwisho kirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, kizime na kukiwasha, uone kama kinaamka bila kukwama.

Muuzaji wa pembeni naye hatumsahau. Anayeuza kifaa halisi cha soko lingine hana sababu ya kuficha. Aandike kwenye risiti kwamba waranti ni yake na si ya kiwanda, ya muda gani, na kwamba kifaa kimepimwa kwa umeme na LNB za pale kinapouzwa. Asiyekubali kuandika hivyo, mnunuzi aondoke.

Kwenu mamlaka: uidhinishaji wa aina ya kifaa ufuate toleo la bodi na adapta yake, usifuate jina la aliyekiingiza. Bodi ileile ikishapimwa kwa wakala mmoja, mwingizaji mwingine alete uthibitisho kwamba ni ileile badala ya kuanza upya, maana kuanza upya ndiko kunakowasukuma wengine kwenye magendo. Nguvu mnayookoa hapo ielekezeni kwenye adapta. Hizo ndizo zinazochoma nyumba: zimeandikwa ampea 2, ndani zina transfoma ndogo, upande wa umeme mkubwa na upande wa volti 12 vimesogeleana, na hakuna fyuzi. Chukueni sampuli madukani, kwa wakala rasmi na kwa wa pembeni sawasawa, zipasueni, zipimeni zikiwa zimebeba mzigo kamili kwa saa kadhaa, na matokeo yatangazwe kwa namba ya modeli. Na kabla ya kutoa agizo lolote la kuzima ving'amuzi visivyosajiliwa, semeni wazi ni kipi kati ya vile vinne kinachozimwa, na mwenye kifaa halisi apewe muda na mahali pa kukisajili bila kuulizwa alikinunua kwa nani.

Majibu tunayaomba kwa maandishi na kwa kila mmoja upande wake: mtengenezaji aseme ukurasa wa namba utafunguliwa lini na utaanza na modeli zipi, wakala aseme ni vipuri gani vitakuwepo kaunta, na mamlaka iseme adapta zitakazopimwa zitachukuliwa wapi.

Wenu,
Mafundi wa madishi na ving'amuzi